Utendaji na Maana: Historia ya Wimbo "Singin' in the Rain"

Mwanafunzi wa fasihi anapopewa wimbo auhakiki, aghalabu hukimbilia maneno yake: huhesabu mizani, huorodhesha tamathali za usemi, kisha hutangaza maudhui. Husahau kwamba wimbo huimbwa. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba utendaji ndio unaoukamilishia wimbo maana. Mfano wetu ni wimbo wa Kimarekani, "Singin' in the Rain", yaani "Kuimba Mvuani".

Wengi hudhani kwamba wimbo huu ulitungiwa filamu ya 1952 yenye jina hilo. Sivyo. Maneno yake ni ya Arthur Freed na muziki ni wa Nacio Herb Brown, nao ulisikika katika The Hollywood Revue of 1929, filamu ya kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer. Wakati huo filamu zenye sauti zilikuwa jambo jipya. Filamu hiyo haina kisa. Ni mfululizo wa maonyesho ya jukwaani. Cliff Edwards aliuimba pamoja na kundi la Brox Sisters, na mwishoni waigizaji wengi wakaurudia. Mwimbaji hapa si mhusika mwenye historia. Furaha yake haina chanzo. Ni kiburudisho tu.

Baadaye Freed akawa mtayarishaji katika kampuni iyo hiyo. Betty Comden na Adolph Green walipewa kazi ya kuandika hadithi ya kuziunganisha nyimbo zake za zamani. Hivyo nyimbo zilitangulia, kisa kikafuata. Gene Kelly, aliyeielekeza filamu hiyo pamoja na Stanley Donen, anaigiza Don Lockwood, nyota wa filamu bubu ambaye ujio wa sauti unatishia kumwangusha. Usiku anapouimba wimbo huu, amepata mambo mawili: njia ya kuiokoa filamu yake na penzi la Kathy. Anakunja mwavuli, analowa kwa hiari na kurukaruka dimbwini kama mtoto, hadi askari polisi anapomtokea. Maneno ni ya 1929, lakini sasa furaha ina chanzo, na mvua iliyostahili kuwa kero imekuwa sherehe.

Mnamo 1971, wimbo ulitokea tena katika A Clockwork Orange, filamu ya Stanley Kubrick. Alex, anayeigizwa na Malcolm McDowell, anauimba huku yeye na genge lake wakimpiga mwandishi na kumdhulumu mkewe nyumbani mwao. Mvua haipo. Furaha iliyosifiwa katika maneno imekuwa ukatili unaojifurahia. Baadaye Alex anajikuta katika nyumba ile ile, bila kutambuliwa kuwa ndiye mhalifu. Anauimba akioga, mwandishi anausikia, naye anamjua. Kwake yeye, wimbo ule ni jeraha na ushahidi.

Je, maneno hayana kazi basi? Yanayo. Kejeli ya 1971 inachoma kwa sababu hadhira inaikumbuka furaha ya 1952. Kila utendaji hubeba kumbukumbu ya uliotangulia.

Kwa hivyo, kabla ya kutangaza maudhui, mhakiki hana budi kuuliza: nani anaimba, wapi, mbele ya nani, na baada ya tukio gani? Wimbo wa ibada ukiimbwa katika mkutano wa siasa, atakayesoma maneno peke yake ataiona ibada na kuikosa siasa.