Hisabati na Njia ya Udaktari wa Uchumi

Mwanafunzi wa Tunduma huona kwacha na shilingi zikibadilishwa kila siku, akadhani uchumi ni maneno ya biashara tu. Tunapomweleza shahada ya udaktari, tusianzie kwenye joho. Tuanzie kidato cha tano, anapochagua Uchumi pamoja na Historia na Jiografia, au pamoja na Jiografia na Hisabati.

Katika mpango wa pamoja wa AERC ya Nairobi, ulioanza mwaka 2002, nacho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo, mtahiniwa mwenye shahada ya uzamili husoma kwanza nadharia ya soko, ya uchumi wa taifa zima na vipimo vya takwimu. Hufanya mitihani, akifaulu ndipo huandika tasnifu na kuitetea. Asiye na hisabati hukwama mwanzoni kabisa. Nasi, tukiri, huwashauri wengi, hasa wasichana, wachukue lililo rahisi.

Kwa somo, wanafunzi waandike bei ya kwacha siku kumi, wachore mstari wake, kisha kila mmoja aeleze kwa nini umeshuka au kupanda. Wenzake wampinge, naye ajibu kwa tarakimu zake.