Safari ya Salalah Wakati wa Joto Kuu

Nchi ya Oman iko upande wa kusini-mashariki wa Bara Arabu, na watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki waijua tangu zamani, kwa kuwa majahazi ya Sur na Maskati yalikuwa yakija Unguja na Mombasa kwa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi. Hata leo, katika nyumba nyingi za Maskati, husemwa Kiswahili. Wazee wa nyumba hizo walizaliwa Unguja, au Pemba, au bara, wakahamia Oman baada ya mwaka 1964, na wengine baada ya mwaka 1970. Jua walilizoea tangu utoto. Walakini jua la huko ni jambo jingine.

Joto kuu la Oman huanza mwezi wa Mei, likaendelea hata Septemba. Katika nchi ya ndani mara nyingi hupita digrii 45 za Sentigredi wakati wa mchana, na usiku nao hauleti nafuu kubwa. Tarehe 26 Juni mwaka 2018, katika mji wa Quriyat, ulio pwani kusini-mashariki ya Maskati, kipimo hakikushuka chini ya digrii 42.6 muda wa saa 24 nzima. Mwili wa mtu mwenye afya una digrii 37 hivi. Basi usiku ule hewa yenyewe ilikuwa moto kuliko damu ya mtu mwenye homa kali.

Zamani, kabla hazijaja mashine za kupoza hewa, watu wa huko walikuwa na hila zao. Walilala darini juu ya mikeka, wakijifunika nguo zilizoloweshwa maji. Wenye uwezo waliiacha miji ya pwani, wakaenda kukaa katika mashamba ya mitende mpaka tende zivunwe. Tena katika kila nyumba palitundikwa mtungi wa udongo penye upepo. Mtungi huo haupakwi rangi, na maji hupenya kidogo kidogo katika udongo wake hata nje yake pakawa majimaji. Upepo ukipita, majimaji yale hugeuka mvuke, na mvuke ukiondoka huondoka na joto. Kwa hiyo maji yaliyobaki ndani huwa ya baridi, ijapokuwa upepo uliopita ulikuwa wa moto.

Mwili wa mwanadamu ndivyo ulivyo. Jasho ni yale majimaji ya nje ya mtungi. Joto la hewa likizidi joto la mwili, mwili hauna njia nyingine ya kujipoza ila jasho likaukalo juu ya ngozi. Katika mji wa pwani hewa imejaa unyevu, hata jasho latiririka pasipo kukauka, na mtu hutaabika sana ingawa kipimo hakikupanda mno. Mtoto wa Tanga au Mombasa alijua hilo kila mwezi wa Machi. Jangwani ni kinyume. Hewa ni kavu, na jasho hukauka mara litokapo, hata msafiri hulitazama shati lake likiwa kavu akadhani hatoki jasho. Huku mtungi wapungua maji, naye hana habari.

Sasa yafaa kueleza kwa nini watu wa Maskati hupenda kwenda Salalah wakati huo. Salalah ni mji mkubwa wa jimbo la Dhofar, upande wa kusini, nchi ya miti ya ubani. Kuanzia mwezi wa Juni hata Septemba kusi hupiga kwa nguvu katika Bahari ya Arabu. Upepo huo huyasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na pwani, na maji ya baridi hupanda kutoka chini kushika mahali pake. Hewa ipitayo juu ya maji hayo hupoa, unyevu wake ukawa ukungu, na ukungu ukigonga milima iliyo nyuma ya Salalah hushuka manyunyu siku nzima. Basi wakati nchi nyingine zote za pande zile zaungua, milima ya Dhofar huwa majani mabichi, ng'ombe na ngamia wakilisha, na mchana joto la mjini halizidi sana digrii 28. Ukivuka milima ile kwenda bara, mwendo wa kilometa chache tu, ukungu hukoma ghafula na jangwa huanza.

Tabu ni kwamba kati ya Maskati na Salalah pana kilometa zipatazo elfu moja, na sehemu kubwa yake ni jangwa tupu.

Mwaka mmoja, katika likizo ya shule, jamaa mmoja wa Maskati walifunga safari hiyo kwa motokaa. Walikuwa baba na mama, watoto watatu, na bibi mzaa baba, mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa na umri wa miaka sabini na mitano. Baba alikuwa amesema kwamba wataondoka saa kumi alfajiri, kama wafanyavyo madereva wa malori, na kama walivyofanya watu wa misafara ya ngamia kabla yao, ambao walisafiri usiku na kulala mchana. Shauri hilo lilikuwa jema. Lakini asubuhi kulikuwa na mizigo ya kupakia, halafu jirani akaja kuaga, halafu kitinda mimba akapoteza kiatu; hata walipotoka mjini ilikuwa saa tatu, na jua limekwisha kuwa kali.

Walipita Nizwa, wakapita Adam. Huko Adam baba alishuka dukani kununua mikate, akataka watoto wangoje ndani. Mama alikataa, akawashusha wote. Naye alifanya vema, kwa maana motokaa iliyofungwa na kuachwa juani huongeza joto kwa upesi mno. Dakika kumi zatosha kuongeza digrii kumi hivi, na mwili wa mtoto mdogo hupata moto upesi kuliko wa mtu mzima.

Baada ya Adam hakuna mji mpaka Haima, kilometa kama mia tatu. Barabara ni nyoofu, na pande zote mbili ni changarawe hata upeo wa macho. Upande wa mashariki wa njia ile ni uwanda wa Jiddat al-Harasis, makao ya choroa mweupe wa Uarabuni. Wanyama hao waliwindwa hata wakatoweka porini mwaka 1972, na mwaka 1982 wengine waliokuwa wamefugwa wakarudishwa pale. Jua likiwa kali choroa hutafuta kijiti, akachimba kishimo chini yake, akalala katika udongo wa chini ulio baridi, asitembee hata jua lipungue. Hana barafu wala mashine ya upepo. Ana akili tu ya kutosafiri saa saba ya mchana.

Nao jamaa hawa saa saba walikuwa njiani, na ndipo mashine ya kupoza hewa ilipoharibika. Baba alifungua madirisha. Upepo ulioingia ulikuwa kama wa tanuri ya mwoka mikate. Watoto walikunywa maji, wakajimwagia vichwani, wakalalamika, wakanywa tena. Bibi hakulalamika.

"Bibi, kunywa maji," alisema mjukuu wake mkubwa, msichana wa miaka kumi na mmoja.

"Sina kiu, mwanangu. Kunyweni ninyi."

Maneno yake yalikuwa kweli nusu. Wazee hawasikii kiu upesi kama vijana, hata mwili unapohitaji maji. Lakini palikuwa na jambo la pili ambalo hakulisema. Barabara ile haina ukuta wala mti wa kujisitiri, na bibi yule aliona haya kumwomba mwanawe asimamishe motokaa mara kwa mara kwa haja yake. Kwa hiyo tangu alfajiri alikuwa amekunywa kikombe kimoja cha kahawa, basi. Nyuma ya kiti chake palikuwa na masanduku mawili ya maji ambayo hayajaguswa.

Walipokuwa wamebakiza kilometa tisini kufika Haima, bibi akamgeukia mjukuu wake, akamwita kwa jina la ndugu yake aliyefariki Unguja zamani, akamwambia ayaanue mazulia uani kabla mvua haijanyesha. Msichana alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamshika mkono. Mkono ulikuwa mkavu, nao wawaka kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Mama," alisema, "Bibi hanijui."

Hapo pana jambo la kuangalia sana. Mtu aliyechoka kwa joto hutoka jasho jingi, huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na kizunguzungu, lakini akili zake ni zake. Huyu akipumzishwa kivulini na kunyweshwa maji polepole, pamoja na kitu chenye chumvi kidogo, hupona. Bali mtu anayepotewa na maneno, au anayeyumba kama mlevi, au kuzimia, amepigwa na joto lenyewe, na damu yake huenda imepita digrii 40. Wengine ngozi yao hukauka, wengine jasho bado lawatoka. Basi mtu asidanganywe na jasho. Dalili kubwa ni akili. Mtu huyo yu katika hatari ya kufa, na kila dakika ni hasara.

Baba alikanyaga mafuta ili akimbie Haima, palipo hospitali. Mama, ambaye aliwahi kufundishwa uuguzi, akamshika bega.

"Simamisha, bwana! Tukienda saa nzima katika tanuri hili tutafika na maiti. Tumpoze kwanza, ndipo twende."

Walisimama. Mwezi wa Julai jua la nchi ile hupita juu ya utosi, na saa hiyo kivuli cha motokaa kilikuwa chembamba, hakitoshi hata mbuzi. Wakafungua milango miwili, wakafunga kanga juu yake kama hema, wakamlaza bibi chini juu ya mkeka. Mama alimvua nguo za juu, akammiminia maji mwili mzima, akawaagiza watoto wampepee kwa vifuniko vya masanduku bila kukoma. Katika sanduku la barafu mlikuwa na samaki waliokusudiwa kwa chakula cha jioni. Wale samaki walitupwa changaraweni, na barafu ikafungwa katika vitambaa, ikawekwa shingoni, makwapani na kinenani, ambako mishipa mikubwa ya damu hupita karibu na ngozi. Kitinda mimba alileta kikombe amnyweshe bibi yake. Mama alimzuia. Mtu asiye na fahamu hamezi vizuri, na maji yaweza kumwingia mapafuni.

Lori moja lilikuwa likija kutoka upande wa Salalah. Dereva alipoona watu chini alisimama pasipo kuuliza, akaligeuza lori lake hata kivuli chake kirefu kikawaangukia wote, akashuka na madumu mawili ya maji. Maji hayo yalikuwa vuguvugu, na baba alisita kuyapokea. Mama aliyapokea kwa mikono miwili. Maji vuguvugu juu ya ngozi, upepo ukiyapata, hupoza kama yale ya mtungi.

Baada ya dakika ishirini bibi alifumbua macho, akauliza, "Mbona mmenilowesha?" Hapo baba alikaa chini changaraweni, akafunika uso wake.

Wakamfunika bibi kanga zilizolowa, wakamrudisha ndani, madirisha yote wazi, nao watoto wakizimwagia zile kanga maji kila zilipoanza kukauka. Upepo uliomtoka ukavu wake saa ile ya kwanza, sasa ulimpoza, kwa kuwa palikuwa na maji ya kuuchukua moto. Dereva wa lori alirudi nao mpaka Haima, akifuata nyuma, ingawa haikuwa njia yake.

Hospitalini bibi alitiwa maji kwa njia ya mshipa, akaangaliwa moyo na mafigo, maana joto likizidi huharibu viungo vya ndani, hata baada ya mtu kujiona mzima. Alilazwa siku mbili. Baba alitengeneza mashine, wala hakutaja tena habari ya kuwahi.

Siku ya tatu waliondoka saa kumi alfajiri. Kabla ya kufika Thumrait bibi alikuwa amekunywa maji chupa mbili, na mara tatu alisema, "Mwanangu, simamisha." Kila mara baba alisimamisha, na mama na yule msichana wakashuka, wakashika kanga pande mbili, ikawa ukuta.

Saa tatu ya asubuhi barabara ilianza kushuka milimani. Jua likafunikwa mara moja, na ukungu ukaingia hata baba akawasha taa, akaenda kwa mwendo wa ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe wenyewe walikuwa barabarani. Manyunyu yalipiga kioo. Bibi aliteremsha dirisha, akatoa mkono nje, akauacha huko mpaka ukalowa.

"Hii kusi," alisema. "Kule kwetu hupita kwanza."

Kisha akaomba kanga kavu, kwa kuwa alianza kusikia baridi.