Podikasti zijipakue bila kumaliza bando

Swali: Nipo Busunzu. Ni programu ipi ya bure itakayonipakulia podikasti yenyewe bila kumaliza bando?

Jibu: Chukua AntennaPod, ya simu za Android. Haina matangazo, msimbo wake uko wazi, na waweza kuiamuru ipakue kwa Wi-Fi tu, simu ikiwa kwenye chaji. Hapo ndipo bando linapookolewa: kipindi cha nusu saa cha kilobiti 128 kwa sekunde hula MB 29 hivi, saba kwa wiki ni MB 200. Utasema programu hizi hulala usipozifungua kwenye skrini. Kweli, lakini anayezilaza ni Android ikibana betri. Kwenye mipangilio ya simu, iruhusu AntennaPod itumie betri bila kizuizi. Huna Wi-Fi? Iruhusu ipakue kwa data, ila weka ukomo wa idadi ya vipindi.