Maumivu ya Kiuno: Lini Twende Hospitali?

Wengi hutuuliza: “Kiuno kinaniuma, je, nipigwe picha?” Mara nyingi si lazima. Maumivu mengi hutokana na misuli na viungo vya mgongo kuchoka kwa kuinama shambani au kubeba mizigo, nayo hupungua ndani ya wiki 6. Kwanza mganga wa zahanati atuulize maswali, apapase mgongo na kupima nguvu za miguu.

Tusilale kitandani siku nyingi. Tutembee na kufanya kazi nyepesi. Dawa za maumivu tusizimeze ovyo, kwani nyingine huleta vidonda vya tumbo.

Lakini twende hospitali siku hiyo hiyo mkojo ukizuia au ukitoka wenyewe, sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu ikilegea. Tusione haya kuyasema.

Pia tusikawie tukiona homa, kukonda, au maumivu yanayozidi usiku. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hutibika kwa dawa za miezi mingi, lakini kikicheleweshwa huleta kibiongo au kupooza.

Mwili ni zawadi ya Mungu, tuutunze.