SOMO: UADUI WA WAYAHUDI NA WASAMARIA

Masomo: Ezra 4:1-5, Yohana 4:1-42, Luka 9:51-56, Matendo 8:14-25



Tukisoma Yohana 4:9 upesi upesi, tunaweza kudhani watu hawa walichukiana bure. Sababu zilikuwapo, tena nyingi. Mwaka 722 K.K. Waashuru waliteka Samaria, wakahamisha watu na kuleta wageni kutoka Babeli, Kutha na kwingineko (2 Wafalme 17:24). Wayahudi waliporudi kutoka uhamishoni, watu wa nchi waliomba kujenga hekalu pamoja nao. Zerubabeli akakataa, nao wakaipinga kazi. Baadaye Wasamaria wakawa na hekalu lao mlimani Gerizimu. Kuhani mkuu Yohana Hirkano akalibomoa, zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu kuzaliwa.

Myahudi akieleza chanzo cha uadui, angetaja wale wageni wa Ashuru. Msamaria angetaja hekalu lililobomolewa. Kila mmoja anaanza hesabu siku aliyoumizwa yeye. Na sisi je? Hapa kambini mmoja anaanza 1972, jirani yake 1993, ndugu wa Kongo 1996. Hata watoto waliozaliwa hapa hapa wanazijua tarehe hizo, na nchi yenyewe hawajaiona.

Angalieni Yesu kisimani. Hakumwambia yule mama kwamba tofauti hazipo. Mstari wa 22 alisema wazi (wahubiri wengi tunauruka). Lakini kwanza aliomba maji, na chombo kilikuwa cha mama, ambacho Myahudi hakukubali kukinywea. Sisi tunaojua ugomvi wa foleni ya bombani tunaelewa uzito wa ombi hilo. Alijifanya mhitaji mbele ya adui. Kisha akakaa kwao siku mbili.

Sasa mtazameni Yohana mwana wa Zebedayo. Kijiji kimoja cha Wasamaria kilipowanyima mahali pa kulala kwa sababu walikuwa wanakwenda Yerusalemu, yeye na Yakobo walitaka moto ushuke ukiteketeze. Yesu akawakemea, wakaenda kijiji kingine. Katika Matendo 8, Yohana huyo huyo anatumwa Samaria pamoja na Petro. Anawaombea Wasamaria na kuwawekea mikono, wampokee Roho Mtakatifu. Njiani kurudi wakahubiri katika vijiji vyao vingi. Luka hasemi kama kile cha kwanza kilikuwa kimojawapo.

Jumatano, katika vikundi vya nyumbani, tujadiliane: kama kilikuwa kimojawapo, Yohana aliingiaje, na wenyeji walimpokeaje?