Mgonjwa Asiyeweza Kusema Huenda Anakusikia

Mtu anaweza kulala kitandani bila kusogeza mkono, mguu wala ulimi, kumbe anasikia na kuelewa kila neno. Hali hii adimu hutokea pale shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, linapoumia. Mara nyingi chanzo ni kiharusi: mshipa wa damu huziba au kupasuka, na amri za ubongo hazifiki mwilini. Akili hubaki timamu. Kwa kawaida mgonjwa huweza kupepesa macho na kutazama juu na chini.

Mwaka 1995 mhariri Mfaransa, Jean-Dominique Bauby, alipatwa na hali hii. Alisomewa herufi moja moja, naye akapepesa jicho la kushoto kwa herufi aliyoitaka. Hivyo ndivyo alivyoandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1997.

Wakazi wanaouguza wanashauriwa:

• Mwambieni mgonjwa atazame juu, kisha chini. Akiweza, mjulisheni daktari mara moja.
• Kubalianeni naye: kupepesa mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.
• Msimzungumzie kana kwamba hayupo.

Pimeni presha mara kwa mara. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, kimbilieni hospitali.