Fundi Ameondoka, Tangi Halijaisha



Hapa Kitui na Makueni tangi la maji ni uhai. Kikundi kinachanga, kinamlipa fundi, naye anafikisha ukuta nusu na kupotea. Tufanye nini?

1. Kazi ihesabiwe. Tusidai pesa zote. Fundi mwingine aandike kazi iliyofanyika ni ya shilingi ngapi. Tuseme alilipwa 60,000 na kazi yake ni ya 35,000: tunamdai 25,000. Pigeni picha kabla ukuta haujaguswa.

2. Mwandikieni barua. Mtajieni kiasi, mpeni siku 14. Wekeni nakala pamoja na mapatano, risiti na ujumbe wa M-Pesa.

3. Nendeni kwa wazee au chifu. Mkipatana, iandikwe na kila mmoja atie sahihi. Lakini chifu ni msuluhishi, si hakimu.

4. Akikataa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mnaweza kujisemea bila wakili, na sheria inataka kesi iishe kwa siku 60. Muulizeni karani wa mahakama iliyo karibu nanyi pa kuipeleka.

Jamani, msinyang'anye vyombo vyake vya kazi. Kesi itawageukia ninyi.

Safari nyingine lipeni kwa hatua: msingi, ukuta, kisha paa.

Ya kujadiliana: Mapatano yetu na fundi yako wapi? Nani aliyatia sahihi?